Dereva wangu anavuta bangi: nimpime mkojo, au nimwamini?

"Shikamoo daktari. Nina Coaster moja inayokwenda Tanga–Lushoto. Inatoka stendi ya Kange saa kumi na mbili asubuhi, inarudi jioni. Dereva ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 29, nimemlea tangu yuko darasa la tano. Nimegundua anavuta bangi, na mwenyewe hakatai. Anasema anavuta usiku tu, kwenye saa nne, apate usingizi, na asubuhi yuko sawa kabisa. Tena anadai mvutaji anaendesha polepole, si kama mlevi wa pombe, na kwamba Marekani na Afrika Kusini wamehalalisha kwa sababu wataalamu wameona haina shida barabarani. Ila konda ameninong'oneza kwamba wakiwa Lushoto wanasubiri zamu ya kupakia, kijana hujitenga kama nusu saa, akirudi macho mekundu. Trafiki wamempulizisha kile kifaa chao mara mbili, hakikuonyesha kitu. Nimenunua vikopo vitano vya kupimia mkojo. Nimpime kila asubuhi kabla hajashika usukani? Na vikionyesha anayo, nimfukuze? Huyu ni mtoto wangu, lakini na abiria nao ni watoto wa watu."

Marahaba, dada yangu. Kwanza nikusahihishe kidogo: mimi si daktari, ni mfamasia, ingawa Ngamiani nzima wananiita daktari na nimechoka kukataa. Kwa swali lako hilo halina ubaya, maana unauliza dawa inaingiaje mwilini, inatokaje, na ikiwa humo inafanya nini. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Unaniuliza habari za asubuhi. Mimi kilichonishtua kwenye barua yako ni maneno ya konda, nitayafikia. Naanza na vikopo kwa sababu umeshavinunua, na naogopa usije ukavitumia kesho.

Kabla ya lolote, jua kwamba vinasomwa kinyume na ulivyozoea. Kipimo cha mimba, mistari miwili ni mimba. Kipimo cha malaria, mistari miwili ni malaria. Vipimo hivi vya dawa za kulevya vya kuchovya ni kinyume: mistari miwili maana yake hakuna kilichoonekana, mstari mmoja wa juu peke yake ndio unaosema kipo. Nimeshaona mzazi akimchapa mtoto mkubwa kwa mistari miwili. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, na kama imeandikwa Kichina, ilete kwa mfamasia yeyote akusomee kipimo chenyewe.

La pili ndilo kubwa. Kikopo hakitafuti bangi. Kinatafuta mabaki ambayo ini hutengeneza baada ya kuisaga bangi, na mabaki hayo hayalevyi mtu. Mtu akila ubwabwa kwa mchuzi wa manjano, vidole vyake vinabaki na rangi mpaka kesho yake. Vidole vile vinakuambia alikula. Havikuambii kama sasa hivi ameshiba au ana njaa. Mkojo ni vidole vya manjano. Kwa mtu anayevuta mara moja moja, mabaki huonekana siku tatu nne hivi. Kwa anayevuta kila siku kama kijana wako, yanaweza kuendelea kuonekana wiki nzima, wiki mbili, wengine mwezi na zaidi baada ya kuacha kabisa. Kwa hiyo akikusikiliza leo akaacha, ukampima kila asubuhi, kikopo kitaendelea kumwita mwongo wakati anasema kweli. Sijui njia nzuri kuliko hiyo ya kumrudisha mtu kwenye msokoto.

Upande wa pili wa shilingi ni mbaya zaidi. Mtu asiyevuta kwa kawaida akivuta saa hii, ukampa kikopo baada ya dakika kumi, mkojo wake unaweza kuwa safi, kwa sababu ini halijasaga kitu na figo hazijapokea kitu. Yaani kipimo kinaweza kukaa kimya saa ile ile ambayo mtu amelewa, na kikapiga kelele siku ambayo hajalewa.

Kuna jambo jingine nalisema kwa sauti ya chini. Efavirenz, dawa ya ARV iliyotumiwa na watu wengi sana hapa nchini kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake, imejulikana kudanganya baadhi ya vipimo hivi vikaonyesha bangi pasipo bangi. Tajiri anayewachovya madereva wake mkojo pale Kange mbele za watu anaweza kujikuta anafichua siri isiyomhusu. Ndiyo maana jibu la kikopo huwa halitoshi kumhukumu mtu. Linahitaji kuthibitishwa kwa mashine za maabara, kama zile za Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sasa kwa nini kifaa cha trafiki hakikuona kitu? Kwa sababu kimetengenezwa kutafuta pombe, basi. Pombe ni rahisi kupima kwa kuwa ina tabia ya chumvi kwenye maji: ikiingia mwilini inasambaa sawasawa kila penye maji, kwenye damu, kwenye ubongo, hata kwenye mvuke wa pumzi. Ukipima pumzi umepima damu, na ukipima damu umekaribia kabisa kupima ubongo. Tena inashuka kwa mwendo unaoeleweka, kama miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, huyu zaidi kidogo, yule pungufu kidogo. Ndiyo maana sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 iliweza kuandika namba kwa pombe: miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Watu wanaweza kubishana kama namba hiyo ni kubwa mno (mimi naona ni kubwa), lakini namba inapimika na ina maana.

Bangi haina tabia hiyo. Kiini chake kinachotoa stimu kinaitwa THC, na THC haipatani na maji, inapenda mafuta. Umeshapika kwa tui, unajua: utakoroga utakavyokoroga, mafuta yatajitenga na kutafuta mahali pake. Mtu akivuta, THC inajaa kwenye damu kwa dakika chache, inafikia kilele pengine kabla hata hajamaliza msokoto, kisha inaporomoka kwa kasi. Haiporomoki kwa sababu imeisha. Imeihama damu, imekimbilia kwenye ubongo, kwenye ini, na kwenye mafuta ya mwili, huko inakaa na kuvuja kidogo kidogo. Hapo unapata kichekesho kinachowaumiza vichwa mahakimu duniani: wakati damu inaonyesha kiasi kikubwa kabisa, mtu ndiyo kwanza anaanza kulewa. Baada ya saa moja amelewa vizuri, damu imeshapungua sana. Na mvutaji wa kila siku, akiwa hajavuta siku kadhaa na akili yake imetulia, bado anaweza kutoa damu yenye THC inayovuja kutoka kwenye mafuta yake.

Nataka uione na ukubwa wa namba. Kile kiwango cha pombe cha sheria yetu, ukikigeuza, ni nanogramu 800,000 kwa mililita moja ya damu. Nchi zilizoweka kiwango cha THC zinazungumzia nanogramu mbili, tatu, tano. Ni kama kutafuta punje moja ya mchele kwenye lori.

Ndipo tunafika kwenye hoja ya kijana, kwamba Marekani wamehalalisha kwa kuwa wataalamu wameona haina shida barabarani. Hilo si kweli, na ni vizuri ajue kilichotokea.

Novemba 2012 wananchi wa majimbo mawili, Colorado na Washington, walipiga kura kuruhusu watu wazima kutumia bangi. Sababu kubwa zilikuwa nyingine: magereza yaliyojaa vijana, kodi, uhuru wa mtu ndani ya nyumba yake. Barabara ilikuwa ndiyo hofu yenyewe. Washington waliandika ndani ya sheria ile ile ya kuhalalisha kwamba dereva akikutwa na nanogramu 5 za THC kwa mililita ya damu ana kosa, hakuna mjadala. Colorado wakachukua namba hiyo hiyo lakini wakailegeza: ukifikisha 5, mahakama inaruhusiwa kuhisi ulikuwa umelewa, nawe unaruhusiwa kujitetea. Kanada ilipohalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, iliandamana na viwango vya makosa: kuanzia nanogramu 2 ni kosa, kuanzia 5 ni kosa kubwa zaidi. Ujerumani waliruhusu Aprili 2024, na Agosti mwaka huo huo wakapandisha kiwango cha madereva kutoka nanogramu 1 hadi 3.5. Uingereza, ambako bangi bado ni haramu, waliweka 2 mwaka 2015. Umeona? Mbili, tatu na nusu, tano. Ingekuwa sayansi imetoa namba moja, zisingetofautiana hivyo. Idara ya usalama barabarani ya serikali ya Marekani yenyewe, NHTSA, iliandika kwa Bunge lao mwaka 2017 kwamba kiasi cha THC kwenye damu si kipimo kizuri cha kujua mtu amelewa kiasi gani.

Mabishano yao ndiyo hayo mpaka leo. Kundi moja linasema: namba ni mbovu, itamfunga asiyelewa na kumwachia aliyelewa, tupime mwenendo wa dereva. Kundi la pili linajibu: mwenendo unapimwa na macho ya askari, na macho ya askari yana mambo yake. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ilisema yale majaribio ya kutembea kwenye mstari na kusimama kwa mguu mmoja, yaliyotengenezwa kwa ajili ya pombe, hayawezi kuchukuliwa kuwa yanathibitisha ulevi wa bangi. Australia wameamua tofauti kabisa: tangu 2004, wakianzia jimbo la Victoria, wanapima mate barabarani, na ukikutwa nayo, kwisha habari, awe amelewa au hajalewa. Mimi binafsi, kwa dereva wa gari lake mwenyewe, ningeegemea kundi la mwenendo. Kwa dereva wa abiria msimamo wangu ni mwingine, na hapa Wamarekani wenyewe wananisaidia.

Mwambie kijana hivi: huko huko Colorado, ambako duka la bangi lina kibao na risiti, dereva wa basi mwenye leseni ya magari makubwa ya biashara hapimwi kwa sheria ya jimbo. Yuko chini ya kanuni za usafirishaji za serikali kuu, na serikali kuu bado inakataza. Anapimwa mkojo kabla ya kuajiriwa, anapimwa kwa kushtukizwa, anapimwa baada ya ajali kubwa, na akikutwa na bangi anaondolewa kwenye usukani, hata kama aliivuta Jumamosi sebuleni kwake. Tangu Januari 2020 jina lake linaingia kwenye daftari la taifa ambalo kila mwajiri analiangalia kabla ya kumpa gari. Ni kanuni kali, na kwa sababu nilizokueleza za mkojo inamwonea mtu wakati mwingine. Lakini asije akaitaja Marekani kana kwamba angekuwa kule angekuwa huru. Kazi anayoifanya yeye, kule angeshaipoteza.

Afrika Kusini ni hadithi fupi. Mahakama yao ya Katiba ilisema Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kutumia bangi faraghani, na sheria ikasainiwa Mei 2024. Faraghani. Kuendesha ukiwa umelewa dawa ni jinai kama zamani.

Na sisi? Kwetu bangi yenyewe ni kosa, kuanzia shamba mpaka mfukoni, chini ya sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015, mirungi ikiwemo. Sheria ya barabara nayo inamkataza mtu kuendesha akiwa amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kwa pombe kuna ile namba, kwa bangi hakuna namba. Kwa hiyo "trafiki hawakuona kitu" haina maana ya "hakuna kosa". Ina maana tu kwamba kifaa cha pombe kilipima pombe. Na uchukue ile karatasi ya bima ya gari uisome sehemu ya mambo ambayo hawalipi. Bima nyingi zina sentensi kuhusu dereva aliyelewa pombe au dawa. Watu huisoma baada ya ajali.

Turudi kwa kijana. Nitamtendea haki, kwa sababu katika madai yake yako ya kweli.

Ni kweli kwamba bangi, kwa ajali, si sawa na pombe. Pombe ikifika kwenye kiwango kile cha 80, hatari ya kupata ajali huwa karibu mara nne ya mtu mkavu. Kwa bangi wataalamu hawajakubaliana: uchambuzi mmoja wa mwaka 2012 uliojumlisha tafiti nyingi ulipata karibu mara mbili, mwingine wa 2016 uliosahihisha hesabu ukapata nyongeza ya asilimia 20 hadi 40 tu. Ni kweli pia kwamba wavutaji wengi hupunguza mwendo na kuacha nafasi kubwa mbele. Mlevi wa pombe mara nyingi hajui amelewa kiasi gani. Mvutaji mara nyingi anajua, anajihadhari.

Lakini kujihadhari kunasaidia kwa jambo unalolitegemea. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto haikupi ulilolitegemea. Unajua vile vikona kabla ya Soni: ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, fuso la kabichi linakuja limejaza njia, konda anagonga bodi kuna mama anashuka, pikipiki inachomoza katikati. Hapo dereva anatakiwa kushika mambo manne kwa wakati mmoja na kuamua kwa nusu sekunde. THC inakaa sehemu zile zile za ubongo zinazofanya kazi hiyo: sehemu ya nyuma inayosawazisha mikono na miguu, na zile za kumbukumbu fupi na za kugawa akili. Gari linaanza kucheza ndani ya mstari wake, si sana, ila kwenye kona za Soni mstari wenyewe ni mwembamba. Muda unarefuka kichwani. Dakika inakuwa kama tatu, ndiyo raha wanayoitafuta, lakini dereva anayepima kama atawahi kulipita lori kabla ya lile linalokuja anapima kwa saa iliyoharibika. Na polepole yake haimsaidii breki ikihitajika ghafla, kwa sababu mguu unachelewa kupata habari.

Ajuaye hili asiongeze bia. Bangi kidogo na pombe kidogo, kila moja ambayo peke yake ingevumilika, zikikutana ni ulevi mwingine kabisa. Wakanada wameliwekea hilo kosa lake peke yake: nanogramu 2.5 tu za THC zikikutana na miligramu 50 za pombe inatosha.

Basi msokoto wa saa nne usiku ukoje saa kumi na mbili asubuhi? Ni masaa manane. Tafiti za kuwaweka wavutaji kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji zinaonyesha kwamba kwa bangi ya kuvutwa uharibifu mwingi huisha kati ya masaa manne na matano, na kwa dozi kubwa unaweza kufika masaa sita au saba. Kwa hiyo akisema asubuhi yuko sawa, kwa msokoto mmoja wa kawaida, pengine hasemi uongo. Nisingekuambia vinginevyo ili kukutisha. Mambo yanabadilika kama anavuta mitatu, kama analala saa saba, au kama anaila au kuinywa kwenye chai. Ya kula huchelewa kupanda na hukaa muda mrefu zaidi, na anayeila saa nne usiku anaweza kufika Muheza bado anayo.

Ila Lushoto ndiko roho yangu iliko. Mwaka 2022 watafiti wa San Diego walichapisha utafiti wa watu 191: wengine walivutishwa bangi halisi, wengine isiyo na THC, kisha wote wakaendeshwa kwenye mashine. Nusu saa baadaye waliovuta bangi halisi walikuwa wanaendesha vibaya kuliko wenzao, saa moja na nusu baadaye vile vile, na masaa manne na nusu baadaye tofauti ilikuwa imepotea. Kiasi cha THC kwenye damu zao hakikusaidia kujua nani anaendesha vibaya. Halafu sikiliza hili: ilipofika saa moja na nusu wengi waliona wako tayari kuendesha, na uendeshaji wao ulikuwa bado haujarudi. Hisia ya kuwa sawa inatangulia, usawa wenyewe unakuja nyuma yake. Sasa piga hesabu ya zamu yenu: anajitenga, anavuta, gari linajaa, baada ya saa moja anaondoka anajisikia yuko sawa, na anachokifanya kwa saa hiyo ya hatari ni kuteremka mlima na watu ishirini na kitu nyuma yake. Mtu mwenye nia mbaya asingeweza kupanga ratiba mbaya kuliko hiyo. Vikopo vyako vya asubuhi pale Kange havigusi jambo hili hata kidogo.

Kwa hiyo jibu la kwanza: usimpime kila asubuhi. Jibu la pili, la kumfukuza, siwezi kulitoa mimi, lakini nitakuambia ningefanya nini gari lingekuwa langu.

Ningemwita nyumbani, si stendi, na si mbele ya konda. Konda usimtaje kabisa, utamharibia kazi na hutapata habari tena. Sema kwamba umeandika kwa mtaalamu na mtaalamu ameuliza kuhusu mchana, usikie anajibu nini. Akikana huku amekasirika, umejua kitu. Akinyamaza, umejua zaidi. Mwulize ni mingapi kwa siku, na wa kwanza ni saa ngapi. Anayehitaji msokoto mchana akiwa kazini si yule wa "usiku tu, nipate usingizi". Huyo ameanza kushikwa, na mazungumzo yenu hayahusu tena sheria ya Colorado.

Kwa hali uliyonieleza ningemtoa kwenye usukani kuanzia kesho, kwa muda unaojulikana, sio kwa kumtupa. Mwezi mmoja, mwezi na nusu. Mpe kazi nyingine ndani ya gari hilo hilo, awe anakata tiketi Kange, asimamie gereji, apokee hesabu. Mtu aliyelelewa na shangazi na akapoteza kazi na shangazi siku moja hana sababu ya kuacha chochote. Kurudi kwake kutegemee sharti moja lisilo na tafsiri mbili: siku ya kazi havuti, na usiku wa kuamkia kazi havuti. Hapa ndipo kikopo kinapata kazi yake halali. Siku ya kwanza ya makubaliano hakina maana, wala wiki ya kwanza. Baada ya wiki sita hivi, kama ameacha kweli, mstari wa pili unapaswa kuwa umerudi, naye atafurahi kuuona pengine kuliko wewe. Mpime mbele ya mtu mmoja mnayemwamini wote wawili, na kwa ridhaa yake.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: mvutaji wa kila siku akiacha ghafla, mwili unalalamika. Kuanzia siku ya kwanza au ya pili anakuwa na hasira za karibu, hamu ya chakula inapotea, usingizi unakatika, ndoto zinakuwa za ajabu. Kilele ni ndani ya wiki ya kwanza, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki mbili, usingizi ukichelewa kuliko vingine. Dereva asiyelala siku tatu ni hatari kama dereva aliyevuta, wakati mwingine zaidi. Nalisema kwa sababu najua tajiri mwenye gari moja, na mkopo juu yake pengine, atataka kumrudisha siku ya nne akisema "si ameacha?" Na asije akatafuta usingizi kwenye duka langu. Piritoni, valiamu, tramado, zote hizo zinamlaza mtu kwenye usukani, na kwa sheria ya barabara dawa ni dawa, hata ikitoka kwa mfamasia. Wala asikimbilie mirungi ili awe macho. Mirungi inaazima usingizi, kisha inaudai wote kwa mpigo, na hiyo barabara ndefu ya Segera imeshashuhudia madeni hayo yakilipwa.

Mpeleke hospitali, na usisubiri wiki, ukiona yafuatayo: anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anashuku watu wanamfuatilia, anaongea mambo yasiyoshikana hata siku ambayo hajavuta, halali usiku kadhaa na bado ana nguvu za ajabu, au anazungumzia kujidhuru. Hapo hospitali ya Bombo wanapokea wagonjwa wa afya ya akili kama wanavyopokea wa malaria. Nenda naye wewe mwenyewe. Kama hana dalili hizo lakini amejaribu kuacha mara mbili tatu akashindwa, bado aende, akaonane na mshauri. Hakuna kidonge cha kutibu bangi. Ile methadoni mnayoisikia ni ya watumiaji wa heroini, haimhusu. Kinachosaidia ni mazungumzo ya wiki kwa wiki na mtu aliyesomea, na hayo hayapatikani kwa shangazi, hata shangazi akipenda vipi.

Nasema haya nikijua gari likilala, hesabu inalala. Tafuta deiwaka wa kushikia usukani kwa hizo wiki sita. Pale Kange hawakosekani, na wengi wataapa mbele yako kwamba hawajawahi hata kuigusa sigara. Kabla hujampa ufunguo, mkalishe umuulize yale yale unayomuuliza mwanao, kisha siku ya tatu muulize konda habari za Lushoto.